Kofia ya Kuvulia

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba, na cherehani ilikaa karibu na dirisha ili apate mwanga. Alikuwa mtu wa kuuliza. Mteja akileta kitambaa cha gauni, alimuuliza gauni linakwenda wapi, atakaa au atacheza, na lile la mwaka jana lilimbana wapi. Wateja walimtania kwamba yeye hushona kwa maswali, uzi ni nyongeza tu.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa mvuvi ziwani. Aliondoka alfajiri na kurudi alasiri. Huyu hakuwa mtu wa maneno. Ukimuuliza jambo alikujibu neno moja, na hilo moja alilitoa kwa shida.

Siku moja walipokuwa wakila, Mama Pacha aliona kitu katika jicho la kulia la mumewe. Upande wa puani, juu ya weupe wa jicho, palikuwa na kinyama chembamba chenye mishipa myekundu. Kilikuwa kinaelekea kwenye mboni.

"Hicho nini, Baba Pacha?"

"Vumbi."

"Vumbi la tangu lini?"

Ikabidi aseme kweli. Kilianza mwaka uliopita. Jicho lilimwasha na kumtoa machozi kila akiwa majini. Mvuvi mwenzake alimshauri atie maji ya limau. Alitia mara moja, akalia nusu saa nzima, hakurudia tena. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na yeye alikuwa amelia peke yake kwenye mtumbwi.

Mama Pacha aliogopa. Kesho yake alimpeleka zahanati, kwa nesi wa macho. Nesi alimulika jicho kwa tochi ndogo, akalitazama kwa muda.

"Wavuvi wengi wanacho kinyama hiki," alisema. "Kinaletwa na jua, upepo na vumbi la miaka mingi. Chako bado hakijafika kwenye mboni. Kikifika kitakuzibia njia ya kuonea, na hapo utahitaji kupasuliwa. Hata kikikatwa kinaweza kuota tena. Kwa hiyo kinga macho yako. Vaa kofia ya ukingo na miwani ya jua, na usitie limau wala dawa ya kuambiwa. Rudi baada ya miezi mitatu tuone kama kimesogea."

Njiani kurudi, Mama Pacha alikuwa anawaza jinsi mvuvi asiyeona atakavyoishi.

Miwani waliinunua. Kofia, alisema Mama Pacha, hatanunua mtu yeyote huku fundi yumo ndani ya nyumba. Siku hiyo hiyo alichukua kitambaa cheupe chepesi, maana nyeupe haishiki joto. Akashona kofia yenye ukingo wa shubiri nzima, nyeupe juu na nyeupe chini. Ilipendeza hata bibi harusi angeitamani. Alimkabidhi mumewe na kumwagiza, "Ukiwa majini usivue."

"Nisivue? Tutakula nini?"

"Kofia, baba. Kofia usivue."

Wiki mbili zikapita. Kila alasiri Mama Pacha alimpokea mlangoni na kumuuliza, "Umevua leo?" Naye kila siku alijibu, "Nimevua." Samaki waliletwa, mke akaridhika. Lakini jicho halikutulia, bali lilizidi kuwa jekundu.

Siku ya kufua, Mama Pacha aliichukua ile kofia aitie kwenye maji ya sabuni. Akaigeuza. Utepe wa ndani, ule unaogusa paji la uso, ulikuwa safi kama siku alipoushona. Hapakuwa na doa la jasho hata moja. Fundi hahitaji kuambiwa maana ya jambo kama hilo. Akamwita mumewe.

"Kofia hii hujaivaa."

"Naivaa. Nikifika majini navua."

"Na mbona hukuniambia?"

"Umeniuliza kila siku kama nimevua," alisema Baba Pacha, "na kila siku nimekujibu kwamba nimevua."

Mama Pacha alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka kwanza. Walipomaliza kucheka akamuuliza sababu. Hapo Baba Pacha alisema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima. Akiivaa kofia ile, mwanga ulimjia usoni kutoka kila upande, hata boya la wavu hakuliona sawasawa. Miwani nayo aliivua mara kwa mara ili afute maji yaliyoirukia. Tena upepo ukivuma, ukingo uligeuka juu na kofia ikaruka. Siku ya kwanza tu aliiokota ziwani mara mbili, na tangu hapo akawa anaivua afikapo majini.

Jambo la upepo lilieleweka. La mwanga lilimkosesha Mama Pacha usingizi wa mchana. Kofia iko juu ya macho. Jua nalo liko juu ya kofia. Sasa mwanga unapita wapi?

Bahati nzuri nesi alikuja kuchukua sare yake iliyokuwa ikipunguzwa kiuno. Kabla ya kupewa sare alipewa swali. Nesi aliitazama kofia, akaomba beseni la maji. Wakatoka uani. Beseni likawekwa chini, upande wa jua, na Mama Pacha akaambiwa avae kofia na asimame mbele ya beseni.

"Tazama maji. Unaona nini?"

"Yananichoma macho."

"Ndiyo hivyo. Jua la juu umelizuia. Lakini maji yanaurudisha mwanga juu. Unagonga huo ukingo mweupe kwa chini, kisha unashuka machoni. Umemvalisha mumeo taa."

Nesi alitaka kuendelea, Mama Pacha akamwomba asubiri. Alikimbia ndani, akarudi na kipande cha kitambaa cha buluu iliyokolea na pini mdomoni. Alikibana chini ya nusu ya ukingo. Akasimama tena mbele ya beseni, akageuza kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. Upande mweupe ulimfanya akunje uso. Upande wa buluu ulikuwa na utulivu. Alirudia mara nne kwa sababu alikuwa anafurahia.

Kisha nesi alimweleza mengine. Kitambaa kishikwe mbele ya mwanga: ukiona mwanga unapenya, jua nalo litapenya. Ukingo uzunguke kichwa chote, maana kapelo, yenye ukingo wa mbele tu, huacha masikio na shingo wazi. Upana wa vidole vinne vya mtu mzima unatosha. Ukizidi sana unakuwa tanga. Na kofia peke yake haitoshi, kwa kuwa mwanga wa majini hupanda hadi machoni hata ukingo ukiwa mweusi. Miwani lazima.

Nesi alipoondoka, Mama Pacha alikaa mbele ya cherehani akaona aibu. Wateja wote aliwauliza nguo zao zinakwenda wapi. Aliyemwacha bila kumuuliza ni mumewe.

Alasiri ile alimkalisha mumewe kwenye kigoda katikati ya chumba. Akamwambia avute wavu usiokuwepo, ainame, ageuke kutafuta boya. Kila alipofanya hivyo, mkewe alipima. Juu ya kofia alitumia kitambaa kizito cheupe, na chini ya ukingo buluu. Ukingo aliupiga mishono sita ya kuzunguka ili usigeuzwe na upepo. Akaweka uzi wa kidevuni. Baba Pacha alisema uzi ukinasa kwenye kamba unaweza kumkaba, kwa hiyo wakatia kishikizo kinacholegea uzi ukivutwa. Miwani nayo ikapata kamba ya shingoni na kitambaa laini cha kufutia.

Miezi mitatu ilipotimia walirudi zahanati. Nesi alimulika jicho, akapima, akasoma alichoandika mara ya kwanza, akapima tena. Mama Pacha alishika kingo za kiti.

"Wekundu umeisha," nesi alisema. "Kinyama kiko palepale, hakijasogea. Hakitaondoka chenyewe, kwa hiyo kofia na miwani ni za siku zote. Lakini mboni iko salama."

Mama Pacha alijifunika uso kwa kanga. Nesi akamwambia Baba Pacha azibe jicho la kushoto, atazame kwa lile la kulia, na aseme anaona nini.

Baba Pacha alitazama chumba polepole.

"Namwona mke wangu analia," alisema. "Na kwenye kola yake amesahau sindano."