Mhudumu wa Shuka Nyekundu

"Karibuni sana. Naitwa Moses, ndiye nitawahudumia leo. Tuanze na kinywaji?"

Kaluki alikuwa ameinamia menyu. Hakuinua kichwa. Sauti hiyo aliijua kabla hajaona uso, na kwa muda alilisoma neno matoke bila kuelewa ni chakula gani.

"Mimi niletee soda, iwe baridi kabisa," alisema Maweu. "Kaluki, wewe?"

"Maji."

"Ya baridi ama ya kawaida, madam?"

Hapo ndipo alipomtazama. Lesiamon. Shuka nyekundu begani, shanga shingoni, kalamu nyuma ya sikio. Moses lilikuwa jina lake la ubatizo, ambalo kule kwao Isinya hakuna mtu aliyelitumia. Huyu ndiye mwanaume aliyetaka kumwoa, akapotea na ng'ombe wa boma lao katika ule ukame wa mwaka elfu mbili. Kaluki alikuwa amemlilia kama marehemu mpaka machozi yakakauka.

"Ya kawaida," alisema.

Lesiamon aliandika, akaondoka. Kaluki alingoja kitu kimpate, iwe hasira au furaha, hata kizunguzungu. Hakuna kilichokuja. Alikunja kitambaa cha mezani mara mbili, akakikunjua.

Ilikuwa Jumapili mchana, ndani ya ukumbi mkubwa wa makuti kando ya Lang'ata Road, Nairobi. Watu walipasifia kwa sababu chakula cha Afrika Mashariki yote kilipatikana chini ya paa moja: matoke, samaki wa ziwa, pilau, injera, mbuzi wa kuchoma. Maweu ndiye aliyempeleka. Alikuwa mpima mashamba, Mkamba mwenzake, na tangu watu wa Nairobi waanze kununua ploti Kitengela alikuwa hapumziki. Alimjua Kaluki pale Kitengela, kwenye agrovet, duka la dawa za mifugo ambako Kaluki alikuwa muuzaji. Hakuwa mtu mbaya. Shida yake ni kwamba akiingiwa na wasiwasi, huongea sana.

Lesiamon alirudi na soda, maji, birika na karai la kunawia. Alimnawisha Maweu kwanza, kisha Kaluki. Maji yalikuwa vuguvugu.

"Hebu niambie ukweli, rafiki yangu," Maweu alimwambia akitabasamu. "Wewe ni Mmaasai wa ukweli ama wamekuvalisha tu?"

"Wa ukweli, boss. Wengine hapa ni Waluhya na Wakamba. Mimi ndiye Mmaasai peke yangu."

"Afadhali! Sasa kama ni wa ukweli, uko na ng'ombe wangapi?"

"Sina."

"Ai! Hata mmoja?"

"Hata mmoja, boss. Mtakula nini?"

Maweu alicheka, akaagiza samaki. Kaluki alisema, "Pilau," kwa sababu ndilo neno lililokuwa karibu.

Chakula kilipofika, ngoma zilianza. Wahudumu waliweka trei chini, wakajipanga mbele ya wazungu waliokuwa na kamera, wakaanza kuruka. Lesiamon alikuwa wa tatu kutoka kushoto. Aliruka juu kuliko wote, uso umenyooka, macho hayamtazami mtu. Mzungu mmoja alisimama kando yake, akashikwa bega, akapigwa picha.

"Unaona tofauti?" Maweu alisema. "Huyu wetu anaruka kabisa. Wale wengine wanaigiza."

"Naona."

Kaluki alikula pilau yote, mpaka sahani ikabaki na karafuu tu. Maweu alifuta mdomo, akasogeza kiti.

"Kaluki, mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Nataka kutuma wazee kwenu Disemba. Unasemaje?"

"Sawa."

"Sawa?"

"Sawa, Maweu."

Alifurahi hata akamwaga soda. Kaluki alimpa kitambaa, akasema anaenda chooni.

Lesiamon alikuwa amesimama kwenye sinki, karibu na mlango wa jikoni, kama mtu aliyengoja na hakutaka ionekane anangoja.

"Sopa," alimsalimu kwa Kimaasai.

Zamani angeitikia hepa, kama Wamaasai, na Lesiamon angecheka vile anavyolitamka.

"Nzuri," alijibu.

"Umekonda."

"Nilidhani umekufa."

"Najua."

"Unajua?"

Lesiamon alifungua bomba la maji bila kunawa. "Tuliwaleta ng'ombe hapa Nairobi. Unakumbuka watu waliingiza ng'ombe mjini, wakule nyasi za kando ya barabara. Walikuwa wanaanguka mmoja mmoja. Wa mwisho alilala karibu na reli, hakuamka. Nikaanza kutembea kurudi nyumbani. Nilifika Kitengela."

"Ulifika Kitengela?"

"Nilisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka lenu. Nilikuona kwa dirisha, unaeleza mzee fulani vile ya kuchanganya dawa ya kupe. Sikuingia."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nanuka mizoga, Kaluki. Na sikuwa na kitu. Ningeingia kusema nini?"

"Ungeingia tu. Ningekupa maji uoge."

Lesiamon alifunga bomba.

"Mama yako anajua uko hapa?" Kaluki aliuliza.

Lesiamon alitazama mlango wa jikoni.

"Anajua," alisema. "Nilimtumia habari mapema. Nikamwapisha asiseme kwa mtu."

"Mimi ni mtu?"

"Kaluki..."

"Nilikuwa naenda Isinya kumwona. Nambebea sukari na majani chai. Tunakaa, ananiambia umevuka Tanzania kutafuta nyasi, tuombe Mungu. Tunaomba pamoja. Anajua?"

"Usimlaumu yeye. Nilaumu mimi."

"Silaumu mtu," Kaluki alisema, na ilikuwa kweli. Alipangusa mikono kwenye sketi. "Yule nimekuja naye anataka kunioa. Nimemwambia sawa."

"Nimeona amefurahi."

"Rudi kazini. Watu wanangoja chakula."

Njiani kurudi, pikapu ya Maweu ikipita Mlolongo, Kaluki aliulizwa mbona yuko kimya. Alijibu kwamba ameshiba.

Siku iliyofuata, akiwa dukani, simu ambayo Maweu alimnunulia ilitoa mlio.

"Sweetie wazee wangu wamekubali. Tarehe 8 Des. Mwambie baba. Niko na furaha sijalala."

Kaluki aliusoma, akaandika "Sawa", akaendelea kumpimia mteja chumvi ya ng'ombe.

Mwisho wa wiki alienda Isinya. Namunyak, mama yake Lesiamon, alimwona tangu mbali, akatoka nje ya boma. Kaluki alimwinamishia kichwa, na mama akamgusa utosini kama kawaida. Safari hii hakukuwa na sukari mkononi.

"Nimemwona Lesiamon, mama. Anapiga picha na wazungu Nairobi."

Namunyak aliketi chini palepale.

"Aliniapisha kwa jina la marehemu baba yake," alisema. "Ningefanya nini, mtoto wangu? Akasema nikikuambia, hataonekana tena hata kwangu. Niliogopa kumpoteza mara mbili."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa unakuja. Kila ukija nasema leo nitamwambia. Halafu tunakunywa chai, nashindwa. Ukienda, nalia." Alimshika Kaluki mkono. "Nitukane. Niko tayari."

"Sina matusi, mama."

"Basi lia."

"Machozi hayako."

Namunyak alimtazama usoni kwa muda mrefu, na kilichomwogopesha ni huo utulivu. "Hii ni mbaya kuliko matusi," alisema polepole. "Ni mimi na Lesiamon tumekufanya hivi."

Jumatatu yake Maweu alipitia dukani. Kaluki alimwomba waketi ndani ya pikapu, akamwambia yote bila kuficha, kwa sauti ileile aliyotumia kueleza wateja dawa. Maweu alisikiliza mikono ikiwa kwenye usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Yule mhudumu?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Yule nilimuuliza ana ng'ombe wangapi?"

"Ndiyo."

"Na wewe umekaa hapo, unakula." Uso wa Maweu uliiva kwa aibu. "Si ungenikanyaga mguu, Kaluki! Mimi napiga mdomo kama mjinga, nacheka mtu aliyepoteza kila kitu, na nyinyi wote wawili mnanitazama!"

"Samahani."

"Unampenda?"

"Sijui. Sisikii kitu."

"Na mimi?"

"Wewe ni mtu mzuri sana, Maweu. Lakini hata wewe, sisikii kitu. Ningeolewa na wewe hivyohivyo. Ningekupikia, ningekuzalia, na hungejua."

"Ningejua," alisema Maweu. "Nilikuuliza kama nitume wazee, ukasema sawa. Fundi akiniuliza kama aweke lango hapa, namwambia sawa. Mimi nilitaka uniambie ndiyo."

Kaluki alitoa simu kwenye mkoba, akaiweka kati yao.

"Kaa nayo," Maweu alisema.

"Hapana. Chukua."

Aliichukua. Alishuka, akazunguka, akamfungulia mlango kama alivyozoea, kisha akaondoa gari bila kumtazama. Kaluki alisimama kwenye vumbi mpaka likatulia.

Lesiamon alikuja Kitengela siku ya katikati ya wiki, saa za asubuhi, duka likiwa limejaa. Alivaa suruali ya kawaida na shati la mikono mirefu. Alisimama nyuma ya wateja, akangoja zamu yake. Kaluki alimwona na hakumharakisha. Alimhudumia kila mmoja aliyekuwa mbele yake, hata yule mama aliyetaka kuelezwa mara tatu chanjo ya kuku.

"Na wewe?" alimuuliza Lesiamon alipofika kaunta.

"Sijakula tangu jana. Nataka tukae mahali tule, mimi na wewe. Halafu unifukuze ukitaka."

Walienda kwa Ndulu, hoteli ndogo ya mabati nyuma ya stendi. Ndulu mwenyewe alileta ugali, sukuma wiki na nyama ya kukaanga. Kabla hajaweka sahani, Lesiamon alishainuka kumpokea, akaanza kupanga meza, bakuli huku, chumvi pale.

"Kaa chini!" Kaluki alimwambia.

Alikaa. Mikono yake ilikosa kazi, akaiweka mapajani.

"Mama alikuja Nairobi," alianza. "Hajawahi kupanda gari la Nairobi maisha yake. Alinikuta nimevaa zile shanga. Hakuniuliza habari. Alisema, nenda uone kile umefanya kwa huyo msichana, ameisha ndani. Akarudi."

Kaluki alikata ugali, akaufinyanga, akauacha kwenye sahani.

"Nilikuwa napigia duka simu," Lesiamon aliendelea. "Simu ya mezani. Ukiinua, ukisema halo agrovet, nakata."

"Ilikuwa wewe?"

"Ilikuwa mimi."

"Nilikuwa naambia boss ni wezi wanachunguza kama duka liko na mtu." Sauti yake ilipanda kidogo. "Lesiamon, nilikuwa naogopa kufungua asubuhi!"

"Sikujua."

"Hukujua! Nilienda mochari, unajua hiyo? Walisema kuna mwili umeokotwa upande wa Namanga, kijana mrefu. Nikaenda peke yangu. Nikafunuliwa. Hakuwa wewe. Nilitoka nje nikashukuru Mungu, halafu nikasikia vibaya kwa sababu ni mtoto wa mtu mwingine. Na wewe uko Lang'ata unauliza watu kama maji ni ya baridi ama ya kawaida!"

Watu wa meza ya jirani waligeuka. Kaluki aliona ameuokota ule ugali na kuuponda ngumini, akautazama mkono kama si wake.

"Nimekasirika," alisema kwa mshangao.

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo! Nimekukasirikia sana, Lesiamon. Ulinionea aibu! Mimi! Kwani nilikuwa naolewa na ng'ombe?"

Hapo machozi yakaja. Yalikuja vibaya, na kamasi na kwikwi, ugali ukiwa mkononi. Ndulu alichungulia, akarudi jikoni. Lesiamon hakumgusa wala hakumwambia anyamaze. Alikaa mbele yake akipokea kila neno, na alipoitwa mwoga alisema ni kweli, na alipoitwa jina baya la Kikamba ambalo hakulielewa aliitikia hilo pia. Mwishowe na yeye akalia. Alilia kwa ajili ya ng'ombe wale, akiwataja kwa majina na rangi zao. Kaluki alisikiliza wote mpaka wa mwisho, yule wa reli.

Chakula kilikuwa kimepoa. Walikila hivyohivyo.

"Wazazi wangu hawana habari yako nzuri hata moja," Kaluki alisema akipangusa uso. "Baba anakuita yule mtoro."

"Nitaenda kumwona."

"Na nini?"

"Sina kitu."

"Basi nenda na miguu yako. Lakini ufike. Ukifika ng'ambo ya barabara, vuka."

Jumapili, baada ya ibada, mzee Mulinge, baba yake Kaluki, alikuwa ameketi kibarazani akisoma gazeti lango lilipogongwa. Lesiamon alikuwa amesimama nje na mama yake, viatu vyeupe kwa vumbi, maana walitembea kutoka stendi.

"Unatafuta nani?" mzee alimuuliza, ingawa alimjua vizuri.

"Wewe, baba. Mimi ni Lesiamon. Nilimpotezea binti yako mwaka mzima na zaidi. Nimekuja unigombeze."

Mzee Mulinge alikunja gazeti. Alimtazama, akamtazama Namunyak, kisha akageuka kumtazama binti yake, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu, midomo imekazwa, amekasirika bado.

"Kaluki," alimwita. "Huyu aingie ama asiingie?"

"Ndiyo," alisema Kaluki. "Aingie."