Chupa ya Maji ya Kina Havranek

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijakata kona ya barabara ya changarawe, Libby Havranek alikuwa amekwisha kuwapa kuku chakula, kuokota mayai, na kumbembeleza mdogo wake Otto ili mama yao apate kunywa kahawa ikiwa bado moto. Otto alikuwa na wiki saba tu duniani. Alikuwa na kichwa cha mviringo kisicho na nywele hata moja, na alipopiga miayo nyumba nzima ilisimama kumtazama.

Nyumba yao ilikuwa katikati ya mashamba ya mahindi, maili sita kutoka mjini, katika jimbo la Nebraska. Maji waliyapata kwenye kisima ambacho babu yake Libby, mzee Emil, alikichimba akiwa kijana. Mzee huyo alikisifia kisima chake kama watu wengine wanavyosifia farasi.

"Maji haya yamenilea mimi, yakamlea baba yako, yakakulea na wewe," alikuwa akisema, akiinua glasi kwenye mwanga wa dirisha. "Ona yalivyo maangavu! Hayo ya madukani yana nini?"

Lakini mama hakumpa Otto maji ya kisima. Bi. Ochoa, muuguzi wa afya wa kaunti, alipokuja kumpima mtoto alimwambia mama, "Otto anakunywa maziwa ya unga ya kopo, kwa hiyo yakoroge kwa maji ya dukani kwanza, mpaka kisima kipimwe." Basi kila wiki mama alirudi kutoka mjini na madumu ya maji yakigongana nyuma ya gari, na mzee Emil akawa anayatazama kwa jicho la pembeni.

Jumatatu moja, Mwalimu Pruitt alileta darasani sanduku la chupa ndogo. Idara ya Afya ya Jimbo ilitaka kupima visima vyote vya upande ule wa kaunti, na wanafunzi wa darasa la sita ndio wangekusanya maji.

"Sikilizeni vizuri," alisema mwalimu. "Kesho asubuhi, fungua bomba la kisima, acha maji yatiririke dakika tano kamili, ndipo ujaze chupa. Funga, andika jina la familia na saa, uilete hapa. Si leo usiku, si bomba lingine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!" darasa zima liliitikia, na sauti ya Libby ilikuwa juu kuliko zote.

Asubuhi ya Jumanne, Otto aliamka akilia, kuku mmoja akatoroka, na Libby akalikimbilia basi huku kamba ya kiatu ikiburuta. Alikuwa ameketi karibu na rafiki yake Joslyn alipoiona chupa ndani ya mkoba wake. Ilikuwa tupu.

"Wewe!" Joslyn alicheka. "Umesahau? Mwalimu atakula nyama yako leo."

"Sijasahau," Libby alijibu haraka. "Nitajaza."

Na kweli alijaza. Alishuka kwenye basi, akaingia chooni pale shuleni mjini, akafungua bomba la kunawia mikono, akaijaza chupa mpaka shingoni. Maji ni maji, alijiambia. Akaandika HAVRANEK, saa moja asubuhi. Mwalimu Pruitt alipoipokea alisema, "Hongera, mwandiko safi sana." Libby alihisi masikio yake yakipata moto, lakini kufikia saa ya chakula cha mchana alikuwa amesahau.

Baada ya wiki mbili barua ilifika nyumbani. Mama aliisoma kwa sauti: maji ya kina Havranek yalikuwa salama, na nitrati, ile kemikali itokayo kwenye mbolea, ilikuwa chini sana ya kiwango kilichowekwa.

"Niliwaambia mimi!" Mzee Emil aligonga meza mpaka vijiko vikaruka. "Niliwaambia!"

"Basi nimeshindwa, baba," mama alisema akicheka. "Kuanzia leo Otto naye atakunywa ya kisima. Nitayachemsha tu kwa usalama zaidi."

Libby alikuwa na mkate mdomoni. Alitaka kusema, lakini babu alikuwa na furaha, mama alikuwa na furaha, na mkate ulikuwa mkavu. Akaumeza pamoja na maneno yake.

Siku sita baadaye wageni wawili waliingia darasani. Mmoja alikuwa Bi. Ochoa. Mwingine alikuwa mwanamume mrefu mwenye miwani, Bwana Tolliver, aliyekuwa ameendesha gari asubuhi ile kutoka makao makuu ya Idara huko Lincoln, mji mkuu wa jimbo. Alitandaza ramani ukutani. Ilikuwa na nukta nyekundu kama upele wa surua.

"Kwa hiyo nyinyi ndio madaktari wa jimbo zima?" Joslyn aliuliza.

Bwana Tolliver alicheka. "Wengi wetu hatujawahi kushika hata sindano. Idara yetu ina mkuu wake, anayewajibika kwa gavana. Chini yake kuna ofisi nyingi. Moja inaandika kila anayezaliwa na kila anayekufa; cheti chako cha kuzaliwa kiko kwao. Nyingine inakagua hospitali na nyumba za kutunzia wazee. Nyingine hufuatilia magonjwa: watu kumi wakiumwa tumbo baada ya harusi, wao ndio wanaouliza nani alikula nini. Mimi niko upande wa maji. Halafu kuna maabara, inayopima kila kitu tunachoiletea."

"Na Bi. Ochoa je?"

"Bi. Ochoa ni wa kaunti, lakini bila watu kama yeye sisi wa Lincoln ni kichwa kisicho na miguu. Yeye ndiye anayejua ni mlango gani wa kubisha, na mbwa gani anauma."

"Wa kina Zoubek," alisema Bi. Ochoa, na darasa likaangua kicheko, maana wote walimjua mbwa yule.

Kisha Bwana Tolliver akawa makini. Nukta nyekundu, alisema, zilikuwa visima vyenye nitrati nyingi. Mbolea ya mashamba huyeyuka na mvua, ikapenya mchanga mwaka baada ya mwaka mpaka ikafika kwenye maji ya chini. Huwezi kuiona, haina harufu wala ladha. Kwa watoto wachanga ni hatari zaidi, kwa sababu huizuia damu kubeba hewa. Mtoto huanza kuwa na rangi ya buluu midomoni.

"Si wachemshe tu?" aliuliza mvulana mmoja.

"Hapana, ukichemsha unaongeza ubaya," alisema Bi. Ochoa. "Maji yanapungua, nitrati inabaki ileile."

Libby alimkumbuka mama akichemsha maji ya Otto.

"Lakini tazameni hapa." Bwana Tolliver aliweka kidole juu ya nukta moja ya kijani, pekee kati ya nyekundu kumi na mbili. "Kisima cha kina Havranek ni safi kabisa. Tunataka kujua kina urefu gani kwenda chini, maana huenda majirani wote wakashauriwa kuchimba kama kile. Kesho wahandisi wetu watakuja. Libby ni nani?"

Darasa zima liligeuka. Joslyn alimpiga kiwiko cha furaha. Libby alisimama. Angeweza kukaa. Angeweza kuchekelea tu. Lakini alichokiona mbele yake hakikuwa ramani. Ilikuwa midomo midogo ya Otto ikinyonya chupa.

"Si maji ya kisima chetu," alisema. "Nilisahau. Nilijaza hapa shuleni, chooni. Na mama anampa mdogo wangu maji ya kisima tangu barua ilipokuja. Anayachemsha."

Bwana Tolliver alimtazama Bi. Ochoa, na Bi. Ochoa alikuwa tayari ameshika simu. "Umri wake sasa?" aliuliza.

"Wiki kumi."

"Mwalimu, namchukua Libby."

Ndani ya gari Bi. Ochoa alizungumza na mama kwa maneno machache: usimpe chupa nyingine, mwandae, tunakuja. Kisha akaipigia kliniki. Libby alilia kimya, akiyatazama mashamba yakipita. Muuguzi hakumgombeza wala hakumbembeleza. Alisema tu, "Mkanda wako, mwanangu. Funga vizuri."

Kwenye kliniki daktari alimtoa Otto damu kidogo kisiginoni. Otto alipiga kelele za kutikisa madirisha, na daktari akatabasamu. "Mtoto mwenye hewa ya kupiga kelele hivi ni dalili njema." Walingoja nusu saa iliyokuwa ndefu kama majira ya baridi. Majibu yalipotoka, damu ya Otto ilikuwa imeanza kuathirika, kidogo tu. Akipewa maji safi, daktari alisema, ingejirekebisha yenyewe baada ya siku chache. Kama angeendelea kunywa ya kisima kwa wiki kadhaa, hapo yangekuwa mazungumzo mengine.

Mama alimkumbatia Otto, kisha akanyoosha mkono mwingine akamvuta Libby. "Ungeniambia siku ile ya barua."

"Nilijua, mama. Nilinyamaza."

"Najua. Tutaongea nyumbani." Na nyumbani waliongea kweli, na Libby hakwenda mazoezi ya mpira kwa mwezi mzima.

Kesho yake Bwana Tolliver alifika kisimani, akampa Libby chupa mpya na saa yake ya mkononi. Libby aliacha maji yatiririke dakika tano kamili, vidole vikimfa ganzi, ndipo akajaza. Maabara ilijibu baada ya siku nne: kiwango cha juu kinachokubalika ni miligramu kumi kwa lita, kisima chao kilikuwa na ishirini na tatu.

Mzee Emil aliisoma ile karatasi mara mbili. "Kisima changu kimenigeuka," alisema polepole.

"Kisima chako hakina kosa, mzee," Bwana Tolliver alimjibu. "Ni sisi watu tuliomwaga mbolea juu yake. Na tunaweza kurekebisha."

Walirekebisha. Chujio lilifungwa chini ya sinki la jikoni, kwa msaada wa mpango wa Idara, nyumbani kwao na kwa majirani wenye watoto. Majira ya baridi wakulima walikutana ukumbini na mtaalamu wa udongo kujadili jinsi ya kupunguza mbolea, na mzee Emil, aliyedhaniwa angebaki nyumbani kwa hasira, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuuliza swali.

Siku moja Bi. Ochoa alipita kumpima Otto, ambaye sasa alikuwa na mashavu kama mikate iliyoumuka. Baada ya kazi aliketi mezani na kahawa na kolache, yale maandazi ya mama yenye jamu katikati. Libby alimuuliza swali lililokuwa likimsumbua.

"Bi. Ochoa, kwa nini hamkukasirika? Niliwaharibia ramani nzima."

Bi. Ochoa alijifuta vidole. "Nilikasirika. Ila nilikuwa na haraka kuliko hasira. Libby, huko Lincoln kuna jengo kubwa lenye wataalamu na mashine za kupima kitu kidogo kuliko vumbi. Lakini mashine haijui maji yametoka bomba gani. Inajua tu kilichoandikwa na yule aliyeshika chupa. Mtu huyo akidanganya, wote waliobaki wanafanya kazi nzuri sana juu ya uongo. Siku ile ulisimama mbele ya wenzako ukasema kweli. Ulichelewa, na usichelewe tena. Ila ulisema kabla mtoto hajaumia, na hiyo ndiyo sababu tunakunywa kahawa leo badala ya kulia."

Kisha akatoa chupa tupu mfukoni, akaiweka mezani mbele ya Libby.

"Bibi kizee Marek wa kule ng'ambo ya kijito hawezi kufika kwenye pampu yake. Maji yake yanatakiwa kesho asubuhi. Nilifikiria nani nimpe kazi hii, nikaona nije hapa."

Libby aliitazama chupa, kisha akamtazama mama. Mama akatikisa kichwa kukubali.

"Dakika tano kamili," alisema Libby, na kwenda kutafuta kalamu.