Uyoga Mguuni pa Mti

Maiti ya mzee Volkmar Thiede ililala chini ya shina, kisu cha jikoni mkononi, vidole vyeusi tii. Mti uliomponda, buche mkubwa wa kale, ulikuwa umesheheni majani, na upepo haukuvuma. Mti mzima kung'oka hivihivi? Makubwa!

Inspekta Wiebke Harmsen alimgeukia Ohlendorf, mkaguzi wa miti.

"Uliupima?"

"Mwezi uliopita, Inspekta. Nikagonga shina kwa nyundo, likaitika vizuri. Nikatafuta uyoga mguuni, maana ukiota pale, ujue mizizi imeoza. Sikuuona. Haki ya Mungu!"

"Mtu amekufa, bwana. Utashtakiwa kwa uzembe."

Ohlendorf akaanza kulia.

Wiebke akapiga magoti, akafukua majani makavu. Vikonyo vya uyoga hivi hapa, vimekatwa kwa kisu. Kimoja kibichi, alipokigusa, kidole kikaingia weusi. Vingine vilikuwa vya zamani.

"Nani huja hapa?"

"Wafiwa tu. Majivu ya wapendwa wao yamezikwa chini ya miti hii. Thiede humleta jirani yake, Bibi Kallweit, na kikapu chake."

Ajuza mwenye kikapu na kisu msituni wakati wa vuli, nani amuulize? Mji mzima huwa unachuma uyoga.

Bibi Kallweit alimpokea Wiebke jikoni kwake, miguu imefungwa bendeji.

"Uyoga wa buche unaliwa, Bibi?"

"Hauliwi, mwanangu. Mgumu."

"Basi unaukata wa nini?"

Ajuza akainama. "Henning wangu yuko chini ya mti ule. Mkaguzi angeuona uyoga, wangeuangusha mti. Ati watanipandia mche. Mche! Kwa umri huu, nitaketi kivuli gani?"

"Kwa hiyo ukauficha ugonjwa."

"Kila vuli. Nikasema ukianguka, uniangukie mimi. Ningeshukuru."

"Umemwangukia Thiede."

"Jana miguu iligoma. Nikamtuma yeye."

Wiebke alijisikia hasira, kisha huruma, na hakuna hata moja lililomsaidia mtu. Ohlendorf angeachiwa. Na huyu je? Sheria gani ingemfaa?

"Ulimwambia ni wa nini?"

"Wa supu. Akacheka. Akaniambia, bandika maji jikoni, Bibi, nakuja kula."