Makabidhiano ya Mlangoni

Saa kumi na mbili asubuhi mlinzi alirudi kutoka lindoni. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, mtoto mkononi.

"Amenyonya?"

"Amenyonya. Maziwa mengine nimekamua, yako kwenye kikombe chenye kifuniko."

"Haya, kazi njema."

Ndoa yenyewe ilikuwa hiyo. Jioni walikutana tena papo hapo, mtoto akarudi kwa mama, baba akaenda lindoni. Kwa mazoea ya kazi, mlinzi alianzisha daftari la zamu: kalala saa ngapi, kanyonya mara ngapi, nepi ngapi. Mtoto wa miezi mitatu akawa analindwa kuliko lango la kiwanda!

Mama hakuwa na wa kuzungumza naye. Kazini cherehani zilipiga kelele kutwa. Hakunywa maji, asije akainuka kwenda msalani na kukemewa na msimamizi. Nyumbani alimwogesha mtoto huku machozi yakimtoka, wala hakujua analia nini. "Labda mimi si mama mzuri," aliwaza, na wazo hilo likamtisha.

Siku ya kliniki mama alimpa nesi daftari la mumewe kwa fahari. Nesi akalisoma lote.

"Mtoto yumo humu. Na wewe, mama, unalala?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaangua kilio.

"Lia tu, mwenzangu. Tangu lini?"

"Tangu nirudi kazini. Wiki ya tano hii. Hata maji sinywi, namwogopa msimamizi."

"Huzuni ya mzazi ikipita wiki mbili, usiseme ni uvivu. Ni ugonjwa, na una tiba. Hata baba huupata. Kunywa maji, utaumwa bure. Mwambie mumeo leo, kesho njooni wote."

Mama akamwachia mumewe mtoto, akaenda kazini. Jioni mlinzi alimkabidhi mtoto mlangoni. Mkewe hakumpisha.

"Baba Mtoto, siko sawa."

Mlinzi akaketi kizingitini na rungu lake. "Hata mimi," alisema. "Niliogopa kukuongezea mzigo."

Kesho yake wakaenda. Nesi akawapangia siku ya mazungumzo kila wiki, akamwandikia msimamizi barua. Fundi akapewa muda wa kunywa maji na kukamua maziwa. Mlinzi akaomba, akapewa zamu ya mchana siku mbili kwa wiki, na siku hizo shangazi yake akaja kushika mtoto. Taratibu usingizi ukarudi, machozi yakapungua.

Jioni ya kwanza ya kula pamoja, mlinzi alisimama na sahani yake, hajui akae wapi. Mkewe akamsogezea kiti.

"Karibu, baba," alisema. "Hapa ni kwako."