Sanduku la Faranga la Nday

Kila mwisho wa mwezi Nday alivua viatu vyake vya kazi, akavuta sanduku la chuma chini ya kitanda, akatia faranga humo. Nday alikuwa fundi wa reli mjini Kamina. Kwa miaka kumi na moja yeye, mkewe Priscille na watoto wao, wa kwanza akiwa Léa, walikuwa wapangaji karibu na stesheni. Mwenye nyumba, mzee Kisimba, alikubali kuwauzia nyumba ile na kiwanja chake.

"Unilipe nusu sasa," alisema mzee. "Nusu ingine utaleta polepole. Tutaandika karatasi."

Nday alikataa. Aliogopa mzaha mkali wa mafundi wenzake. Mtu aliyenunua kidogo kidogo walimwita Bwana Vipande.

"Minyi nitalipa yote siku moja," alisema.

"Papa Léa, shika hiyo bei sasa," mkewe alimsihi. "Bei haikai inakungoya weye."

Miaka mitatu ilipita. Sanduku lilipojaa, Nday alilibeba begani hadi kwa mzee Kisimba. Mzee alihesabu, akatikisa kichwa.

"Bei yangu iko kwa dola, mwanangu, kama kwa wauzaji wengi wa muji. Haikupanda hata dola moja. Faranga njo imeanguka. Hii haifiki."

"Nipe mwezi moja, mzee."

"Moja tu. Kuna mutu wa Bukama iko na dola mukononi."

Nday alikwenda mbio kwa jirani yao Hadassa, karani wa chama cha akiba na mikopo. Alimkuta akianika nguo.

"Dada Hadassa, munikopeshe dola! Faranga ya sanduku yangu haifiki bei ya nyumba."

"Weye unalipwa na nini?"

"Na faranga."

"Basi faranga ikianguka tena, deni litakula mushahara yote. Na riba yetu iko juu sasa."

"Sababu gani? Mumekuwa na tamaa?"

Hadassa alicheka. "Ikala chini kwanza, shemeji. Bei zikipanda, pesa inapoteza nguvu. Zile faranga ulitia kwanza, siku ile zingenunua mabati arobaini. Leo zinanunua ishirini na nane. Anayekopesha naye anaogopa kurudishiwa pesa isiyo na nguvu, kwa hiyo anapandisha riba. Riba ikipanda, watu wachache wanajenga. Wengi wanabaki kupanga. Nyumba zikiwa chache, kodi nayo inapanda."

Nday aliinamisha kichwa. Hakuna mwizi aliyefungua sanduku lake, lakini lilikuwa limeibiwa kila mwezi.

"Sasa nifanye nini?"

"Tafuta kiwanja kidogo nje ya muji. Bei iandikwe kwa faranga, mbele ya mashahidi. Pesa inayobaki, nunua matofali na mabati leo. Na kila mushahara, nunua kitu. Siku ukitaka mukopo, kopa pesa ya aina unayolipwa, na uulize riba yote mbele ya kutia sahihi."

Mwezi ulipokwisha, mtu wa Bukama alinunua ile nyumba ya karibu na stesheni. Akawapa muda wa kuhama. Nday alinunua kiwanja kidogo, mbali. Kila mshahara alileta matofali. Mafundi walimwita Bwana Vipande, naye aliitika. Kabla ya mvua, vyumba viwili vilikuwa na paa.

Siku ya kuhama, Priscille alipitisha kiganja ukutani.

"Léa alizaliwa humu," alisema.

"Unisamehe, Mama Léa. Ulinionya."

"Nilikuonya. Shika huo upande wa kitanda."

Huko mbali, Léa alilazimika kuondoka kila siku alfajiri kwenda shule mjini. Kila alipomwona akirudi na vumbi hadi magotini, Nday aliumia moyo.

Mwezi wa kwanza uliisha. Hakuna aliyebisha hodi kudai kodi.

"Papa," aliuliza Léa, "mwenye nyumba hakukuya?"

"Mwenye nyumba njo yule anapika bukari," alijibu Nday, akimwonyesha Priscille. "Jina yake iko kwa karatasi."

Priscille hakugeuka. Aliendelea kusonga ugali wake.

"Basi mupangaji wangu alete maji," alisema.

Nday akachukua ndoo.