Hodi ya Tatu

Anayetaka kucheka habari za majini acheke, lakini kwanza asikilize yaliyoipata nyumba ya akina Djamila pale Kasongo, kwa sababu jini la nyumba hiyo halikungoja giza. Lilikuja na jua la utosini, likapiga hodi kwa adabu zote, na mwenye nyumba mwenyewe akalikaribisha.

Mambo yalijulikana kwa nukta. Asubuhi moja ya kiangazi Djamila alikuwa chumbani, simu mkononi, akiipitisha taratibu juu ya sakafu, na kwenye kioo cha simu zikawa zinatandazwa nukta nyeupe. Palipokaa nukta, hapo simu ilikuwa imetambua sakafu, na juu ya sakafu hiyo mtu angeweza kusimamisha kuku au mtungi wa picha, akautazama kupitia kioo ukiwa umekaa chumbani kama chombo cha nyumba. Nukta zilienea hadi ukutani, zikazunguka miguu ya kitanda, zikafika kwenye mkeka wa Amisa, mdogo wake. Kando ya mkeka, mahali pa upana wa mtu aliyeketi, zilikataa kukaa. Djamila akafuta kamera kwa ncha ya kitenge, akarudia. Zikakataa tena.

"Telefone iko na ugonjwa?" Amisa aliuliza. Alikuwa ameegemea ukuta, mikono yote miwili juu ya tumbo la miezi saba.

"Vumbi tu," Djamila alisema, ingawa kamera ilikuwa safi.

Tumbo hilo ndilo lilikuwa roho ya nyumba. Amisa alikuwa ameshazika watoto wawili. Wa kwanza hakumaliza juma, wa pili hakulia kabisa. Mumewe alikuwa katika mji wa Wamaza kwenye biashara ya mchele, na siku ya kuondoka alimwambia shemeji yake neno moja tu: amlinde. Djamila alikuwa amejiapiza kwamba huyu wa tatu atalia, tena majirani watalalamika kwa kelele zake.

Kazi yake Djamila ilikuwa ya kuandika programu za simu. Alisoma Bukavu, akarudi nyumbani na programu aliyoiita Simamisha, na huko mjini walimshangaa, kwa maana mambo ya kusimamisha vitu visivyokuwepo yalikuwa ya wenye simu ghali na shahada ndefu. Yeye alitaka yawe ya wafinyanzi. Alitaka mama wa Kabambare afinyange kuku wake, amzungushie simu ya bei ndogo na kumpiga picha pande zote, kisha mnunuzi aliyeko Kindu amsimamishe sebuleni kwake na kumwona alivyo kabla ya kumwagiza.

Huko Kabambare alikutana na Mama Cécilia, mwanamke ambaye mikono yake ilijua kila kitu na macho yake hayakuwahi kufundishwa herufi. Aliviangalia vitufe vya kwenye kioo, akamrudishia Djamila simu yake.

"Mimi sijui kusoma, mwanangu. Lakini mugeni akifika kwangu anapiga hodi, na mimi nasema karibu. Hiyo telefone yako haina adabu?"

Djamila alicheka, halafu akaacha kucheka. Aliporudi nyumbani aliviondoa vitufe vyote. Kuanzia hapo, simu ikishaiona sakafu ilisema "Hodi" kwa sauti ya Djamila mwenyewe, mwenye simu akajibu "Karibu", na kuku akasimama. Hodi aliiweka moja tu, kwa kuwa tatu zingekula batri na subira za watu. Alipoirudisha Kabambare, wanawake waliishika kwa asubuhi moja.

Sasa, marehemu bibi yao alikuwa haitiki hodi moja. Angemenya muhogo wake kimya mpaka ya tatu. "Mutu anapiga tatu," alikuwa akisema. "Kile kisicho mutu hakina subira." Djamila aliukumbuka usemi huo vizuri sana, akauweka pamoja na mambo mengine ya wazee. Na kwa majuma mawili kabla ya safari hiyo, Amisa, aliyekatazwa kazi nzito, ndiye aliyekuwa akimjaribia programu. Hodi, karibu. Hodi, karibu. Kutwa nzima. Mdomo wake ukazoea.

"Yaya," Amisa alimwambia dada yake mkubwa asubuhi ile ya nukta, na sauti yake ilikuwa chini. "Usinicheke. Juzi, saa sita ya mchana, nilikusikia mulangoni. Ulisema hodi."

"Juzi nilikuwa Kabambare. Nimerudi jana jioni, na wewe ndiye ulinifungulia."

"Najua. Ndiyo maana nimenyamaza. Watasema mimba inaniotesha ndoto. Nilisema karibu. Hakuna mutu aliingia. Lakini toka saa ile iko harufu hapa. Udongo mubichi. Wewe huisikii?"

Mvua haikuwa imenyesha Kasongo kwa zaidi ya mwezi mmoja. Djamila alinusa, na harufu ilikuwepo, nzito na ya baridi, ya ardhi iliyotoka kufukuliwa. Ilitoka kando ya mkeka.

"Hodi ngapi ulisikia?"

"Moja."

Djamila alimsimamisha kuku wa Mama Cécilia kwa kuandika amri kwa vidole, maana hakuthubutu kulitamka neno karibu, akamtembeza kwenye kioo kuelekea pale nukta zilipokataa. Programu yake ilijua kwamba kitu kikipita nyuma ya mtu, sharti kifichwe na mtu. Kuku akaenda, na mahali ambapo macho hayakuona chochote isipokuwa ukuta na jua la dirishani, akapoteza mdomo, akapoteza kichwa, akapotea mwili mzima, kisha akatokea upande wa pili mkia ukiwa wa mwisho. Na Djamila akamrudisha, akampandisha juu kidogo, akamrudisha tena, akisoma umbo la kile kitu kwa pale kuku alipokatika, hapa goti, hapa bega, hapa shingo ndefu kupita shingo za watu, mpaka akakifikia kichwa na kuona kwamba kimeinama, kimeinama sana, sikio limelazwa juu ya tumbo la Amisa kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Simama," alinong'ona. "Simama pole pole, tutoke inje."

Mwalimu Faradji aliitwa. Alikuwa mzee mfupi, msomaji wa Kurani kwenye nyumba zenye matatizo, na hakutaka hata kuitazama simu. Alikaa kizingitini, akanusa, akauliza maswali mawili: nani alikikaribisha, na lini.

"Ni mimi," Amisa alisema. "Juzi."

"Basi sikiliza, mwanangu. Mugeni uliyemukaribisha kwa mudomo wako haumufukuzi kwa fimbo. Ukimupiga, atalipiza, na atalipiza kwa mwenye kulala hapa." Macho yake yalishuka kwenye tumbo, akayaondoa haraka. "Lakini juzi moja, jana mbili. Leo ya tatu. Mugeni wa siku ya tatu tunamupa nini?"

"Jembe," Amisa alijibu, na hata katika hofu ile alikaribia kutabasamu.

"Hakuna jini lenye kupenda jembe," mwalimu alisema.

Wakanunua jembe jipya sokoni, wakaliegemeza mlangoni. Adhuhuri mwalimu alisoma, akanyunyiza maji ya kombe, yaliyooshea aya, pembe zote za chumba, na Amisa, kwa vile ndiye aliyekaribisha, akasimama kizingitini na kusema maneno aliyofundishwa: "Mugeni wetu, siku zako zimeisha. Jembe ni lile pale. Kazi iko inje."

Pazia la mlango lilisogea kuelekea nje, ingawa hapakuwa na upepo. Harufu ikapita katikati yao, ikatoka. Djamila aliinua simu, na nukta zikatandaa chumba kizima, hadi kando ya mkeka, hazikuacha hata unyayo. Akalia mbele ya watu bila kuficha. Alikuwa amekileta yeye, kwa werevu wake, na sasa kimeondoka.

Mwalimu alikunywa chai, akasema neno moja wakati wa kuvaa viatu. "Hodi moja musiitike tena. Mungoje ya tatu, kama bibi yenu."

Djamila hakutaka kulala na kosa lile ndani ya programu. Mchana ule ule aliketi uani, akajirekodi upya. Hodi. Akanyamaza kiasi cha mtu mwenye heshima kungojea. Hodi. Akanyamaza. Hodi. Akaijaribu mara nyingi hadi jua likalala, na Amisa kutoka ndani akawa anakaa kimya kwa ya kwanza, anakaa kimya kwa ya pili, na ya tatu anaitikia, na kila alipopatia walicheka kwa furaha ya watu waliopona. Sauti ile ilisikika nyumba nzima na uani kote, na aliyekuwa hapo nje, awaye yote, aliisikia. Walipofunga mlango jioni, jembe halikuwepo tena mahali pake. Djamila alidhani jirani ameazima.

Kesho yake, saa sita, Amisa alikuwa amejilaza chumbani na Djamila alikuwa jikoni akichagua mchele. Akasikia jembe likipiga ardhi. Lilipiga bila haraka, nyuma ya jiko, mahali ambapo hakuna shamba wala mtu wa kulima. Akafuta mikono, akazunguka kwenda kutazama, na alipofika mlio ulikuwa umekwisha.

Jembe lililazwa chini, bapa lake bado lina unyevu. Kando yake palikuwa na shimo. Kilichomsimamisha Djamila ni jinsi shimo lenyewe lilivyochimbwa vizuri, kuta zimenyooshwa na fundi anayeijua kazi yake, na upande wa kibla pamechongwa mwanandani, nadhifu, wa kulaza maiti kwa ubavu. Na urefu wake haukufika hata mkono mmoja wa mtu mzima, na harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka humo ikamjaa puani, na akaelewa kwamba mgeni alipewa kazi, akaifanya, na kwamba sasa, kama kibarua yeyote, atarudi nyumbani kusema amemaliza.

Kutoka mlango wa mbele akasikia sauti yake mwenyewe.

"Hodi."

Simu ilikuwa ndani ya kitenge kiunoni mwake, imezimwa. Akafungua mdomo amwite Amisa, na hakukutoka kitu. Akajaribu tena. Pumzi ilipita tupu. Sauti ilikuwa mlangoni, na kooni mwake haikubaki.

Akakimbia. Alizunguka jiko, akajikwaa kwenye sufuria, akainuka, akazunguka kona ya nyumba, na kimya kile kilikuwa kirefu kwa kiasi kile kile alichokirekodi, kiasi cha mtu mwenye heshima kungojea.

"Hodi."

Ndani, Amisa hakujibu. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Djamila aliufikia ukuta wa chumba, akaupiga kwa viganja, akaupiga kwa ngumi, na udongo wa ukuta ukaumeza mshindo.

"Hodi."

Akamsikia mdogo wake akishusha pumzi, pumzi ya mtu aliyekuwa na wasiwasi na sasa umemtoka.

"Karibu, yaya," Amisa alisema. "Ingia."