Namba Ambayo Shaheen Hakuisoma

Kila akitoka shule, Shaheen alikuwa na kazi moja katika duka la dawa la baba yake, Mzee Zakir, mjini Shinyanga. Mwaka ule wa 1999 baba alikuwa ameunganisha kompyuta ya duka na ya tawi lao la Geita kwa laini ya simu, akatengeneza njia ya siri katikati. Majina ya wagonjwa yalipita humo na mtu wa nje hakuweza kuyasoma. Zamani yalitajwa kwenye simu ya upepo, redio iliyoshirikiwa na wengi, na nusu ya Geita ilisikiliza.

Taabu ilikuwa laini. Ikikatika na kuunganishwa tena, kompyuta ya Shinyanga hupewa anwani nyingine, namba ndefu. Geita wasipoijua, njia haifunguki. Kwa hiyo Shaheen humsomea dada Juliana, muuza dawa wa Geita, namba mpya kwa simu ya upepo. Namba haikuwa siri, kwa kuwa bila neno la siri haimsaidii mtu.

Alhamisi moja laini ilikatika, na baba alimwagiza kama kawaida. Lakini simu ya upepo ilikuwa imeshikwa na watu wa machimbo, maneno hayaishi, na nje wenzake walikuwa wanaruka kamba. Shaheen akatoka.

"Umemsomea?" baba aliuliza baadaye.

"Ndiyo, baba."

Uongo wenyewe haukumsumbua. Kilichomsumbua kilikuja jioni, kwa sauti ya Juliana kwenye simu ya upepo: "Kompyuta imegoma. Mama Limi muuza uji amebakiwa na dawa za kifua kikuu za siku mbili tu. Leteni haraka."

Shaheen alitamani ardhi immeze: nusu ya Geita ilikuwa imesikia. Hata hivyo, hakumwambia baba ukweli.

Jumamosi baba alipeleka dawa Geita, akaenda na Shaheen. Benchi la wateja wa Mama Limi lilikuwa tupu, na sufuria imejaa. Hapo Shaheen akashindwa kujizuia.

"Baba, sikumsomea. Nilikudanganya."

Baba alimwonyesha Mama Limi. "Mwambie yeye," akasema.

"Shikamoo, mama," Shaheen alianza, machozi yakimtoka. Akaeleza yote.

"Marahaba." Mama Limi alifunika sufuria. "Tangu juzi hakuna anayeshika kikombe changu. Mzee Zakir, kwa kuwa watu wameshasikia nusu, waambie iliyobaki."

Baba akawageukia watu waliosimama kando. "Huyu mama ametumia dawa miezi minne bila kukosa. Vipimo ni safi, haambukizi mtu." Akaketi na kuomba vikombe viwili. Shaheen akanywa mbele ya wote. Mchimbaji mmoja akasogea, kisha mwingine.

"Wabeja, asante," Mama Limi alimwambia Shaheen. "Nimekusamehe. Ila jina langu likishapita hewani, halirudi."

Njiani baba alisema, "Kompyuta haikugoma, mwanangu, ilikosa namba. Mtu akikukabidhi siri yake, anakukabidhi hata kazi ndogo inayoilinda. Ukiiacha, sema umeiacha. Ungesema Alhamisi, tungeisoma namba na mambo yangekwisha."